Galatasaray, Fenerbahçe, Beşiktaş au Trabzonspor: ushike ipi?

Wengi wetu tuliingia Uturuki kwa mlango wa Mbwana Samatta. Alipotua Fenerbahçe kwa mkopo Septemba 2020 akitokea Aston Villa, watu ambao hawakuwahi kuangalia hata dakika moja ya ligi ile walianza kubishana kuhusu kikosi kana kwamba wamezaliwa Kadıköy, mtaani kwa Fenerbahçe. Akawapiga Karagümrük mawili, tukaona mambo yamenyooka. Baadaye mwenyewe akaondoka, na baadhi yetu tukabaki mle ndani bila mwenyeji. Mimi ni mmojawapo. Siku hizi vijana wanaingia kwa mlango wa Victor Osimhen, Mnigeria aliyetua Galatasaray, na swali wanalokuja nalo ni lilelile: nishike timu gani?

Ukitaka jibu la haraka, hesabu vikombe, chukua Galatasaray, nenda kalale. Ila ukishika timu unarithi na kesi zake zote, na timu za Uturuki zina kesi nyingi kuliko mahakama ya mwanzo. Kwa hiyo nitazilinganisha nne kubwa kwa historia zao: zilizaliwaje, zimevuna nini, na zinagombania nini mpaka leo.

Kwanza matamshi, usije ukachekwa. Ç ni "ch", ş ni "sh", c peke yake ni "j". Basi ni Fenerbahche, Beshiktash, na Cimbom, lile jina la utani la Galatasaray, ni Jimbom. Mswahili hapati tabu sana na Kituruki. Dunia kwao ni dünya, kitabu ni kitap, kalamu ni kalem, maana wote tulikopa kwa Mwarabu.

Zilikozaliwa

Mwanzoni mwa karne ya 20 Istanbul ilikuwa chini ya Sultani Abdülhamid II, mtu aliyeogopa vijana wanaokusanyika kwa sababu yoyote ile. Mpira ulikuwa mchezo wa Waingereza na Wagiriki wa mji huo. Mturuki aliyeonekana akiukimbiza alijua kuna jasusi mahali anamwandika jina. Kila klabu ilipita kwenye kizuizi hicho kwa njia yake.

Beşiktaş walitangulia, 1903. Vijana 22 walikuwa wakikutana kwenye bustani ya jumba la Osman Paşa, mtaa wa Serencebey, wakifanya viungo, mieleka, ndondi na kunyanyua vyuma. Polisi walipowavamia hawakukuta mpira wa miguu, wakawaachia. Soka lenyewe liliingia klabuni mwaka 1911. Ndiyo maana ubishi wa nani mkubwa hauishi: kwa cheti cha kuzaliwa ni Beşiktaş, kwa soka ni mdogo wa wenzake wa Istanbul.

Galatasaray ni watoto wa shule. Mwaka 1905 Ali Sami Yen na wanafunzi wenzake wa shule ya Galatasaray, iliyosomesha kwa Kifaransa, waliunda timu wakiwa na malengo matatu: wacheze kwa pamoja kama Waingereza, wawe na rangi na jina lao, na wazifunge timu zisizo za Waturuki. Hilo la tatu lishike, tutalirudia. Rangi hazikupatikana siku ya kwanza. Walianza na nyekundu na nyeupe, wakajaribu njano na nyeusi, mpaka siku moja mwaka 1908 walipoingia duka la mtu aliyeitwa Yanko Mnene, eneo la Bahçekapı. Muuzaji akakunjua vitambaa viwili vya sufu, kimoja chekundu kilichoiva, kingine cha njano yenye dalili ya chungwa, akavizungusha pamoja mkononi. Ali Sami alisema waliona kama moto unawaka. Wakanunua. Jezi unayoiona leo ilitoka kwenye mkono wa muuza vitambaa.

Fenerbahçe ilianzishwa 1907 kwa siri, kwenye nyumba ya Moda, Kadıköy, upande wa Asia wa mji. Fener ni mnara wa taa, bahçe ni bustani, jina la rasi iliyo jirani. Lakini kwa mashabiki wake, kuzaliwa kwa kweli ni tarehe 29 Juni 1923. Istanbul ilikuwa chini ya majeshi ya Uingereza na washirika wake baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Jenerali Harington, mkubwa wa majeshi hayo, akatoa kombe, akaunganisha wanajeshi wake wanaojua mpira, wakacheza na Fenerbahçe. Waingereza walitangulia kufunga. Zeki Rıza Sporel akasawazisha, akaongeza la pili. Miezi michache baadaye majeshi yaliondoka na jamhuri ikatangazwa. Jaribu kumwambia shabiki wa Fenerbahçe kwamba ile ilikuwa mechi ya kirafiki tu!

Trabzonspor haina majasusi wala majenerali. Ilizaliwa 1967 kwa kuunganisha klabu za mji wa Trabzon, pwani ya Bahari Nyeusi, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Istanbul. Ugumu wake ulikuwa wa nyumbani. İdmanocağı na İdmangücü, klabu mbili za mji huo, zilikuwa watani wa jadi wa kweli, na kuwakalisha meza moja kulichukua muda. Anayezijua Simba na Yanga ajaribu kupiga picha ya kikao hicho.

Makabatini

Ligi ya taifa ilianza 1959. Mpaka mwisho wa msimu wa 2024/25 Galatasaray walikuwa na ubingwa mara 25, Fenerbahçe 19, Beşiktaş 16, Trabzonspor 7. Nje ya hao wanne ni Bursaspor, mwaka 2010, na Başakşehir, mwaka 2020, mara moja kila mmoja. Basi. Timu sita katika miaka zaidi ya sitini.

Kila ubingwa mara tano unakupa nyota moja juu ya nembo, na mwaka 2025 Galatasaray walishona ya tano. Fenerbahçe wanasema hesabu hiyo imewapunja, kwa kuwa kulikuwa na mashindano ya ubingwa kabla ya 1959 nao waliyatwaa mara nyingi. Kwa hesabu yao wana 28. Beşiktaş walishafanikiwa kuingiziwa mawili yao ya 1957 na 1958, kwa hiyo hoja ya Fenerbahçe siyo ya kubuni, ila shirikisho halijaikubali. Ukishika Fenerbahçe, jiandae kueleza jambo hili kila harusi utakayokwenda.

Namba hazionyeshi mtiririko, na hapa Trabzonspor ndio wa ajabu. Walipanda ligi kuu 1974, na msimu wao wa pili wakawa mabingwa, wa kwanza kutoka nje ya Istanbul. Kati ya 1976 na 1984 walichukua mara sita. Kipa wao Şenol Güneş alikaa dakika 1,110 bila kufungwa bao. Halafu kimya. Miaka 38 ikapita mpaka ubingwa uliofuata, wa 2022. Kuna watu Trabzon walioa, wakazaa, wakajukuu, wakingoja.

Beşiktaş wana kitu ambacho mwingine yeyote ligini hana: msimu wa 1991/92 walitwaa ubingwa bila kufungwa mechi hata moja, chini ya Mwingereza Gordon Milne, ukiwa ubingwa wa tatu mfululizo. Na mwaka 2021 walimaliza pointi sawa na Galatasaray, 84 kwa 84, wakachukua kombe kwa tofauti ya bao moja. Moja!

Huko Ulaya

Hapa hakuna ulinganisho wa kweli, nitakuwa muwazi. Lile lengo la tatu la wanafunzi wa 1905 lilitimia Copenhagen tarehe 17 Mei 2000, fainali ya Kombe la UEFA dhidi ya Arsenal. Dakika 90 sifuri kwa sifuri. Muda wa nyongeza Gheorghe Hagi anakwaruzana na Tony Adams, anaonyeshwa nyekundu, Galatasaray wanabaki kumi. Nahodha Bülent Korkmaz bega limeteguka, anafungwa bandeji, anarudi uwanjani mkono umembana kifuani. Wanafika kwenye penalti. Šuker anagonga mlingoti, Vieira anagonga mwamba. Mpira wa mwisho anauweka Gheorghe Popescu, Mromania mwenzake Hagi, na hakosi: 4-1. Agosti wakaifunga Real Madrid 2-1 na kuchukua Super Cup, mabao yote ya Mário Jardel. Mpaka hapo hakuna klabu nyingine ya Uturuki ya soka iliyokuwa imeleta kombe la Ulaya nyumbani.

Safari hiyohiyo ina doa jeusi. Usiku wa kuamkia nusu fainali na Leeds United, Aprili 2000, mashabiki wawili wa Leeds waliuawa kwa visu mitaani Istanbul. Anayekuuzia ile kauli ya "karibuni jehanamu", ambayo mashabiki wa Galatasaray huwapokelea nayo wageni, kama utani mtupu akueleze na hili.

Wengine nitawapitia haraka. Fenerbahçe walifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa 2008 wakiwa na kocha Zico benchi, wakaifunga Chelsea 2-1 nyumbani, wakatolewa London. Mwaka 2013 waliishia nusu fainali ya Ligi ya Europa. Beşiktaş waliongoza kundi lao la Ligi ya Mabingwa 2017 bila kupoteza mechi, lakini pia wanashikilia kumbukumbu ya Novemba 2007: waliwafunga Liverpool 2-1 Istanbul, wakaenda Anfield wiki mbili baadaye, wakala nane bila majibu. Trabzonspor waliwahi kuifunga Liverpool 1-0 nyumbani Trabzon mwaka 1976, na Inter 1-0 palepale Milan mwaka 2011.

Kesi zisizoisha

Ile mechi ya Milan ndiyo inayotuingiza kwenye kesi kubwa kuliko zote. Msimu wa 2010/11 Fenerbahçe na Trabzonspor walimaliza na pointi 82 kila mmoja, Fenerbahçe wakawa mabingwa kwa matokeo ya wao kwa wao. Tarehe 3 Julai 2011 polisi wakaanza kukamata watu kwa tuhuma za kupanga matokeo, na rais wa Fenerbahçe, Aziz Yıldırım, akawekwa ndani. Fenerbahçe wakazuiwa kucheza Ligi ya Mabingwa, nafasi wakapewa Trabzonspor, nao ndio hao walioshinda Milan. Yıldırım alihukumiwa 2012, kesi ikasikilizwa upya, akaachiwa huru 2015. UEFA kwa upande wao waliifungia klabu, na mahakama ya michezo ikalibariki hilo. Ubingwa wenyewe haukuhamishwa. Kwa hiyo Fenerbahçe wanasema ilikuwa njama dhidi yao, Trabzonspor wanasema kombe lao liko kwenye kabati la mtu mwingine, na wote wana karatasi za kukuonyesha. Mimi ni mtu wa Fenerbahçe na nimeshaacha kubishana na mtu wa Trabzon kuhusu 2011. Huwezi kushinda, na yeye pia hawezi.

Chuki hiyo ilishavuka mipaka ya mpira. Aprili 2015 basi la Fenerbahçe lilipigwa risasi karibu na Trabzon na dereva akajeruhiwa. Machi 2024 mashabiki walivamia uwanja Trabzon baada ya Fenerbahçe kushinda 3-2, na wachezaji wakapigana nao.

Galatasaray na Fenerbahçe wao wana utani wa zamani wenye kiburi zaidi kuliko damu. Tukio lake kubwa ni la Aprili 1996. Fainali ya Kombe la Uturuki, marudiano, uwanja wa Fenerbahçe. Galatasaray wanachukua kombe katika muda wa nyongeza. Kocha wao, Mskochi Graeme Souness, anapewa bendera kubwa ya njano na nyekundu, anakimbia nayo mpaka katikati ya uwanja wa watu, anaichomeka kwenye duara la kati, anaiacha pale. Uwanja mzima umetoa macho. Mpaka leo Galatasaray hawajaisahau picha hiyo.

Na kidonda cha Fenerbahçe ninachokijua kwa jina na tarehe ni 16 Mei 2010. Siku ya mwisho ya ligi, wakiwa nyumbani na Trabzonspor, 1-1. Wanahitaji Bursaspor wasishinde dhidi ya Beşiktaş. Filimbi ya mwisho inalia, mtangazaji wa uwanjani anatangaza kwamba Bursa wametoka sare 2-2. Watu wanaruka uzio, wanajaa uwanjani, wanalia, wanakumbatiana, wachezaji wanashangilia. Bursaspor walikuwa wameshinda 2-1. Mabingwa walikuwa wao. Habari ilisambaa simu kwa simu, shabiki kwa shabiki, na muda si mrefu viti vilikuwa vinawaka moto. Miaka minne kabla yake, Mei 2006, walitoka sare Denizli siku ya mwisho wakamwachia Galatasaray kombe. Na msimu wa 2023/24 walimaliza na pointi 99, wamefungwa mechi moja tu mwaka mzima, bado wakawa wa pili, kwa sababu Galatasaray walikuwa na 102. Utaifanyia nini timu kama hiyo?

Jukwaani

Kelele zote nne wanazo. Septemba 2017 mshambuliaji wa Leipzig, Timo Werner, aliziba masikio kwenye uwanja wa Beşiktaş, kisha akaomba kutolewa kabla ya mapumziko. Lakini picha ya Beşiktaş ninayoibeba siyo ya kelele. Tarehe 6 Februari 2023, saa kumi na dakika 17 alfajiri, tetemeko liliangusha miji ya kusini mwa Uturuki. Wiki tatu baadaye Beşiktaş wakicheza na Antalyaspor, mwamuzi alisimamisha mechi dakika ya nne na sekunde 17. Kutoka majukwaani zikaanza kumwagika midoli, dubu wa manyoya, skafu, kofia za watoto, maelfu, mpaka nyasi za pembezoni hazionekani. Zilikuwa za watoto waliopona.

Hilo siyo jambo la bahati mbaya kwa klabu hii. Kundi lao la mashabiki, Çarşı, lililoanza 1982 na kuchukua jina la soko la mtaani, lina kauli kuhusu kila kitu. Waliingia kwenye maandamano ya Gezi ya 2013, yale ya kuipinga serikali, na 35 kati yao walishtakiwa kwa kutaka kupindua serikali, wakaachiwa wote 2015. Hata jina la utani la Beşiktaş, Tai Weusi, lilitoka jukwaani: mwaka 1941 mvuvi mmoja alipiga kelele "haya, Tai Weusi, shambulieni!", timu ikashinda 6-0, jina likaganda.

Fenerbahçe nao wana usiku wao. Septemba 2011 waliadhibiwa kwa vurugu, na badala ya uwanja mtupu shirikisho likaruhusu wanawake na watoto tu, bure. Walikuja zaidi ya 41,000. Sare 1-1 na Manisaspor, mechi yenyewe haina la kusimulia, lakini hakuna uwanja uliowahi kupiga kelele za sauti ile.

Basi, ipi?

Ukiwa mtu wa kushinda, na hakuna aibu katika hilo, Galatasaray. Wana fedha, walilipa milioni 75 za yuro kumbakiza Osimhen mwaka 2025, na walishampitisha Drogba. Utakachokosa ni huruma ya watu, maana hakuna anayemwonea huruma tajiri.

Ukiwa unapenda mtaa kuliko kabati, Beşiktaş. Kama ningeanza upya leo, bila Samatta, ndiyo ningeishika. Ubaya wake ni kwamba misimu mingine wanapotea kabisa mpaka unasahau kuwa ni kubwa.

Fenerbahçe simshauri mtu. Tangu 2014 mpaka msimu wa 2024/25 hakuna ubingwa. Wana historia nzuri na Waafrika, Okocha na Uche walicheza pale na kuchukua uraia, na ukipenda mpira wa kikapu utafarijika, maana huko walitwaa EuroLeague 2017 na 2025. Lakini hii ndiyo klabu iliyomjengea nahodha wake Mbrazili, Alex de Souza, sanamu Septemba 2012 na kumwondoa kikosini wiki chache baadaye. Unaoa na nyumba hiyo yote. Mimi nimeshaoa.

Wapo watakaosema chukua Göztepe ya Izmir, alikotua Novatus Miroshi wetu mwaka 2024, timu ya kwanza ya Uturuki kufika nusu fainali Ulaya, msimu wa 1968/69. Siwapingi, ila nina onyo la mtu aliyekwisha kuumia: mchezaji huhama.

Kwa yeyote utakayemchagua, tofauti ya saa siyo tatizo, tangu 2016 saa ya Istanbul ni saa ya Dar es Salaam na Nairobi mwaka mzima. Na ukimchagua Trabzonspor, namba ya magari ya mkoa wao ni 61. Dakika ya 61 ikifika uwanja mzima unalipuka, matokeo yoyote yale, kwa hiyo kama una shida ya msalani, nenda ya 55.